Kanisa la Ottersbrunn

Katika miaka ishirini na tano kanisa letu la Ottersbrunn lilibadilisha mikono mara nne. Askari wa Kaisari, Mkatoliki, walipoingia, mchungaji wetu wa Kilutheri alitoka kwa dirisha la nyuma, padri akaingilia mlango wa mbele. Waswidi, Walutheri wenzetu, walipokuja, ikawa zamu ya padri kupita dirishani. Nilipoolewa, mji ulikuwa na watu mia tisa. Vita vilipokwisha, ukihesabu na vichanga, hatukufika mia tatu.

Kisha zikaja habari kwamba wakubwa wa Ulaya, baada ya kukaa miaka minne wakibishana katika miji ya Münster na Osnabrück, wametia saini amani. Kila bwana sasa ni bwana kamili katika nchi yake, na hata akitaka kufanya mapatano na wafalme wa mbali, ruhusa anayo. Lakini makanisa yarudishwe kama yalivyokuwa tarehe mosi Januari mwaka 1624. Aliyekuwa akisali humo siku hiyo, ndiye mwenyewe.

Tulishangilia hadi koo zikakauka. Mwaka ule kanisa lilikuwa letu, kila mtu mzima alijua. Tatizo lilikuwa ushahidi. Vitabu vya kanisa viliungua, mchungaji wa wakati ule alikufa kwa tauni, na msimamizi wa ngome ya mtawala wetu Mkatoliki, Bwana Eustach Dörnfeld, aliapa kwamba hatatoa ufunguo.

"Hii ni nchi ya bwana wangu," alitutangazia sokoni. "Mkataba wenyewe unasema yeye ndiye mtawala. Mnataka nini tena?"

"Tunataka usome na ukurasa wa pili," akamjibu Apollonia Zeidler.

Huyo Apollonia alikuwa mkunga wetu, mjane wa miaka sitini na minane, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Nusu ya mji ilizaliwa mikononi mwake, Walutheri kwa Wakatoliki, na alikumbuka siku ya kila mmoja. Tulipokata tamaa, alikuja kwangu nikiwa kwenye mtambo wa kufumia.

"Kunigund, vaa viatu. Twende kwa Veit Kestler."

"Yule Mkatoliki? Anayetengeneza mapipa ya ngome?"

"Huyo huyo. Nilimzalisha mama yake usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1624, na asubuhi tukambatiza. Mchungaji aliandika barua ya ubatizo. Alipokwenda vitani, mama mtu akamshonea ndani ya koti, eti imkinge na risasi."

Veit alikuwa amepigana miaka sita upande wa Kaisari na akabadili dini huko jeshini. Tulimkuta akigonga pete za chuma kwenye pipa. Apollonia alipomweleza shida yetu, alicheka.

"Bibi, unataka nimpokonye padri wangu kanisa, niwape ninyi? Halafu bwana wa ngome aniachie kazi?"

"Nataka useme ulibatizwa wapi. Basi."

"Barua sina."

"Unayo. Unajikuna hapo kifuani tangu tulipoingia."

Veit akaona haya kama mtoto. Lakini alitikisa kichwa. "Nendeni, Bibi. Nina watoto watatu."

"Najua. Wote nimewapokea mimi," akasema Apollonia, tukaondoka.

Mwezi Mei makamishna wawili wa kutekeleza mkataba walifika kutoka Nuremberg, mmoja Mlutheri, mmoja Mkatoliki, wakaweka meza mbele ya mlango wa kanisa. Mji mzima ulikuwepo. Wazee wetu wanne waliapa kwamba mwaka 1624 kanisa lilikuwa letu. Bwana Dörnfeld akaleta watumishi wanne wa ngome walioapa kinyume chake. Kamishna Mkatoliki, mzee mwenye mafua, alipenga kamasi akasema, "Maneno kwa maneno. Hakuna maandishi?"

Ndipo Veit akajipenyeza katikati ya watu, koti limechanwa kifuani, karatasi mkononi.

"Mimi ni Mkatoliki, na Mkatoliki nitakufa," alisema. "Lakini nimeibeba hii vitani miaka sita. Siwezi kuificha leo eti namwogopa msimamizi."

Kamishna akasoma kwa sauti: tarehe mosi Januari 1624, katika kanisa la Ottersbrunn, na jina la mchungaji wetu chini yake. Tukapiga kelele. Bwana Dörnfeld akatabasamu tu.

"Waheshimiwa, hawa wanahesabu siku kwa kalenda ya zamani, iliyo nyuma ya yetu siku kumi. Mosi yao ni tarehe yetu kumi na moja. Siku ya mosi ya kweli, padri wetu alikuwa humo ndani. Walimfukuza katikati ya siku hizo kumi."

Apollonia akasogea mezani.

"Padri gani huyo? Ana jina?"

"Padri wa ngome."

"Mimi namjua kila mtu aliyeingia na kutoka mji huu. Nitajie jina, Bwana Msimamizi. Au alikuwa padri wa kupita tu, kama bata mwitu?"

Watu wakacheka. Bwana Dörnfeld, uso umemwiva, akaangaza macho na kumwona Padri Gereon, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kanisa lake. Nadhani alijiambia: huyu anakula mkate wa ngome, hatanipinga.

"Ni Padri Gereon," akasema. "Huyu hapa."

Kamishna Mkatoliki akageuka. "Baba Padri, ni kweli?"

Padri Gereon alikuwa mtu mpole mwenye mabega ya mkulima. Alilitazama lile kanisa alilolipaka chokaa kwa mikono yake, kisha akatutazama sisi, tuliokuwa tukimpita barabarani bila salamu.

"Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikuwa mwanafunzi Würzburg, sijaongoza Misa hata moja maishani. Mji huu niliuona mara ya kwanza mwaka 1628, nikitembea nyuma ya farasi wa askari. Kabla yangu hapakuwa na padri. Aliyenipokea alinionyesha meza ya mchungaji, supu ikiwa bado ya moto."

Kamishna akapenga kamasi tena, akaitazama ile karatasi, akamnong'oneza mwenzake. Kisha wote wawili wakasimama.

"Kanisa ni la Walutheri," alisema yule Mkatoliki. "Bwana Msimamizi, ufunguo."

"Bwana wangu ni mtawala hapa!"

"Ndiyo, na saini iliyomfanya mtawala ndiyo hiyo hiyo inayokuamuru. Ufunguo."

Akautoa. Apollonia aliupokea kwa mikono miwili, akaanza kulia, akakasirika kwa kulia kwake, akatugeukia. Vijana walikuwa wameanza kupiga kelele kwamba padri atupwe nje na sanamu zake.

"Atakayemgusa," alisema, "nitamweleza mkewe alivyolia siku aliyozaliwa mtoto wao. Mkataba unasema wasio na kanisa wasali majumbani mwao kwa amani. Na vitu vyake tutavibeba sisi."

Ndivyo tulivyofanya. Walutheri sita, mume wangu akiwa mmoja wao, walimwinua Mama Maria wa mbao wakampeleka polepole hadi kanisa dogo la ngome, Veit akiwaelekeza kwa ukali: "Kushoto! Angalia taji lake, we mzembe!" Padri Gereon alitembea mbele na mishumaa kwapani, na kila mlango aliopita, watu walimwamkia.

Kisha tukarudi, tukafungua milango yote ya kanisa letu, mbele na nyuma. Kengele ilipigwa hadi kamba ikakatika. Tuliimba wima, kwa sauti zetu mbovu za njaa, wafiwa na wajane na vilema, na hakuna aliyetazama nyuma kuona nani anakuja na bunduki. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Tangu ujana wangu, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuimba wimbo mzima hadi ubeti wa mwisho.