Mgeni wa Ghorofa ya Nne

Dengu alikuwa ameinamia kasha la mwisho, makopo mazito chini, mikate juu, alipogundua kuwa bibi wa ghorofa ya nne hakuja. Foleni ilikwisha. Wenzake pale kwenye ghala la chakula cha msaada walikuwa wamemkatia keki ya kumuaga, wakamtania kwamba akifika kwao atampangia mama yake hata kabati la jikoni. Jina la Dengu walimbandika wao alipokuja kujitolea kutoka nchi nyingine, maana "dengu" ndilo neno la kwanza alilolijua katika lugha yao. Lugha yenyewe alijifunzia kwenye makopo. Alijua kusema "limeharibika" kabla hajajua kusema "nina upweke".

Mengine alifunzwa na bibi yule. Kila Ijumaa, akisubiri zamu yake, alimsahihisha matamshi kama mwalimu mkali, kisha akaondoka na kasha lake kichwa juu, bila kukubali mtu ambebee.

Dengu aliomba ruhusa kwa msimamizi, akalibeba kasha lile mwenyewe hadi ghorofa ya nne.

Mlango ulifunguliwa taratibu. Mguu wa bibi ulikuwa umevimba, umefungwa kitambaa. Alilitazama kasha, akamtazama aliyelileta, uso ukamwiva kwa haya. Dengu alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwa maneno ya kuungaunga alieleza kuwa kesho anasafiri, hajaja kugawa chakula, amekuja kuaga.

Bibi alichechemea hadi jikoni, akabandika sufuria.

"Miezi yote hii umenipa wewe," alisema bila kugeuka. "Leo kaa, mjukuu wangu, nikupe mimi."

Walikula maharage ambayo Dengu aliyapakia kwa mikono yake wiki iliyopita na ambayo hakuwahi kuyaonja. Yalikuwa na vitunguu vingi na chumvi iliyozidi kidogo. Miaka mingi baadaye angejaribu kuyapika hivyo hivyo nyumbani kwake, lakini yasingetoka na ladha ile. Bibi alimsimulia habari za marehemu mumewe, jinsi alivyokuwa akikoroma hadi majirani wakagonga ukuta. Dengu naye akamsimulia habari za bibi yake mzaa mama, na pale maneno yalipomwishia, alionyesha kwa mikono.

Kisha akainuka, akasema ana mizigo ya kufunga. Bibi alikuwa ameshachota upawa wa pili, ameushikilia juu ya sahani, mvuke ukipanda taratibu kati yao.

Dengu akavuta kiti.