Kaburi la Mpishi

Saa saba na robo mchana Beno alipanda kutoka kaburini, akafuta jembe kwenye nyasi, akasema, "Dada Agnella, tayari. Mleteni mzee sasa hivi."

Alilikaza hilo "sasa hivi", na Agnella alimwelewa. Wakati wa masika wachimba kaburi wa Ifakara hawamalizi kazi yao mapema. Wanachimba asubuhi mpaka usawa wa kifua, wanatoka, wanakaa pembeni na sigara zao. Futi mbili za mwisho wanaziacha mpaka wasikie nyimbo za watu wanaotoka kanisani na jeneza, kwa sababu chini ya hapo maji yako jirani. Wakishazichimba, wana nusu saa, labda dakika arobaini, za kumlaza mtu pakavu. Baada ya hapo kaburi linageuka kisima.

Na jeneza la mzee Ildefonce, baba yake Agnella, lilikuwa limeshafika. Lilikuwa pale pale, hatua ishirini kutoka shimoni, limewekwa juu ya mabenchi mawili chini ya turubai. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wameshamuaga marehemu, misumari imeshapigiliwa. Kilichobaki ni kumbeba na kumshusha. Lakini hakuna aliyesogea, kwa kuwa Martin, aliyesoma na Agnella, alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Wapendwa waombolezaji," alisema, "tumepokea taarifa kwamba mheshimiwa yuko njiani. Ameshavuka Kidatu. Tunaomba tuvute subira kidogo ili aje amsindikize mzee wetu."

Watu wenye fulana za njano walipiga makofi. Walikuwa thelathini na kitu, wote waliomaliza kidato cha nne pamoja na Agnella, na mgongoni fulana zao ziliandikwa "Wana 2001". Makofi makaburini! Agnella aliwatazama mmoja mmoja.

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa Octavian. Alikaa nao darasa moja miaka minne, na sasa alikuwa ameteuliwa kuwa mkurugenzi wa taasisi fulani huko Dodoma. Mzee Ildefonce alikuwa mpishi wa shule yao. Kwa miaka ishirini na sita aliamka saa tisa usiku kuwasha kuni chini ya masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Kila mwenye fulana ya njano alikuwa amekula kwa mkono wake, na Octavian kuliko wote. Kwao kulikuwa Mlimba, na kila likizo ikiisha treni ilimfikisha wenzake wameshakula na kulala. Mzee alikuwa akimwekea ukoko wa wali na maharage kwenye bakuli, anafunika na sahani, anaenda mwenyewe kumgongea bwenini. Agnella, mtoto wa mpishi aliyesoma hapo hapo, aliyaona hayo kwa macho yake na wakati mwingine akaona wivu.

Haya yote Wana 2001 waliyajua. Walikuwa wakiyasimulia kwenye kundi lao la WhatsApp wanapokumbushana ya zamani, na kucheka mpaka machozi, au angalau kutuma vikatuni vinavyocheka mpaka machozi.

Kundi lenyewe lilikuwa na kazi mbili tu, pole na hongera. Mtu amefiwa, pole. Mtu amepata shahada ya pili, hongera. Wiki tatu nyuma Agnella aliandika humo saa tano asubuhi, amesimama kwenye varanda ya wodi: "Jamani, baba yangu mzee Ildefonce, mpishi wetu, amelazwa. Anahitaji damu chupa mbili leo. Mlio hapa Ifakara naomba mfike." Wa hapo hapo Ifakara walikuwa kumi na wanne, aliwahesabu. Dakika nne baadaye Martin, mwenyekiti wa kundi, akatupia barua ya uteuzi wa Octavian. Basi. Hongera mheshimiwa. Umetuheshimisha, kiongozi. Mzee baba, usitusahau huko juu. Mpaka jioni zilikuwa hongera mia mbili na kumi na nne, na ujumbe wa Agnella ulikuwa umesukumwa huko juu asikokwenda mtu. Alipata jibu moja tu. Mtu alikosea kubonyeza, akamwandikia yeye "Hongera sana".

Damu ya Agnella mwenyewe ilikataliwa. Yeye ni kibarua wa kupepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa, siku nzima amechuchumaa kwenye vumbi la pumba, na mpimaji alimwambia, "Mama, hii uliyonayo haikutoshi wewe mwenyewe." Chupa moja alitoa Beno, jirani yao, ambaye elimu yake iliishia darasa la saba. Ya pili haikupatikana. Jumatano ya wiki hii alfajiri mzee akakata roho, na kufika saa mbili asubuhi kundi lilikuwa limemwaga pole mia na themanini.

Sasa ilikuwa saa nane kasorobo. Agnella alimwendea Martin.

"Martin, naomba tumzike mzee. Kaburi linaingia maji."

Martin aliziba kipaza sauti kwa kiganja. "Dada Agnella, pole sana. Lakini ameshafika Sanje, amenitumia meseji. Unajua heshima tutakayopata? Mkurugenzi mzima kutoka Dodoma anakuja kumzika mpishi!"

"Simhitaji mkurugenzi. Nahitaji pakavu."

"Usiongee hivyo, watu watakusikia."

Mtendaji wa mtaa alikuwa amesogea, bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni na koti kubwa lisilomfaa kwa joto lile. "Mama," alisema, "ofisi imepewa maelekezo. Kiongozi akishatoa taarifa kwamba anakuja, shughuli haiendelei bila yeye. Hiyo ndiyo itifaki."

"Hii si shughuli, mtendaji. Ni baba yangu."

"Naelewa. Ila kibali cha mazishi ninacho mimi, na bado sijakitia muhuri." Akaupigapiga mfuko wa koti, taratibu, ili Agnella aone kilipo.

Ilibaki njia moja. Neno la mwisho msibani ni la mtoto mkubwa wa kiume, na huyo alikuwa kaka yake Theodori, mkata miwa mstaafu, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa mkeka wa mbele akiitazama barabara. Agnella alipiga magoti mbele yake.

"Kaka, sema neno. Wakikusikia wewe watambeba."

Theodori hakumwangalia. "Tusubiri."

"Beno ameshaingia na ndoo mara mbili, kaka. Kuta zinamomonyoka."

"Agnella, mwanangu amemaliza chuo mwaka wa nne huu, yuko nyumbani anashinda kwenye kijiwe cha bodaboda. Nani mwingine mkubwa atakuja kwetu? Nitamkamata wapi mtu kama huyu?" Akaiweka sawa bahasha ya kaki mapajani. "Baba ameshakufa. Haumwi tena. Anayeumwa ni mwanangu."

Agnella aliinuka. Alimchukia kaka yake na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na zaidi ya hapo aliwachukia waliomfikisha mtu mzima, mwenye mvi, mahali pa kuuza maiti ya baba yake kwa ajili ya kusalimiana na Octavian.

Saa nane na nusu Padri aliangalia saa, akasema ana misa katika kigango kingine ng'ambo ya mto na barabara ni tope. Alibariki jeneza, akabariki shimo, akampa katekista kitabu, akapanda pikipiki. Martin akatangaza kwamba mheshimiwa yuko Mang'ula. Baadaye akatangaza Kiberege. Kila akitangaza, Beno aliruka tena shimoni na ndoo, na kila ndoo ilitoka na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kwaya iliimba nyimbo zote inazozijua, ikazirudia, ikanyamaza. Wana 2001 wao hawakuchoka. Walipeana habari. Fulani amejenga Kihonda, ghorofa. Fulani mtoto wake kapata wani ya pointi saba kidato cha nne. Yule aliyefiwa na mume mwaka jana, si unajua ameolewa tena? Walicheka kwa kujibana, wakapiga selfi, wakainamisha vichwa kwa ajili ya picha kisha wakaviinua kuitazama ilivyotoka.

Saa kumi kasoro dakika kumi magari mawili meupe yaliingia mpaka ndani kabisa, yakasimama juu ya makaburi ya watu ambao misalaba yao ilishaoza. Octavian alishuka. Alikuwa amenenepa vizuri. Nyuma yake alishuka kijana wa kamera, na Martin alikimbia kumpokea kama anayewahi kulipokea begi la mgeni.

"Shikamoo mheshimiwa!" alisema Martin, ambaye yeye na Octavian walikuwa rika moja na waliwahi kuchapwa pamoja kwa kutoroka prepo za usiku.

Agnella alidhani sasa watamzika. Alijidanganya.

"Kabla hatujaendelea," Martin alisema kwenye kipaza sauti, "na kwa kuwa Mungu ametukutanisha hapa wote, jambo ambalo ni nadra, Wana 2001 tuna jambo dogo." Wakatokea akina mama wawili wa fulana za njano wamebeba kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Wakakifungua. Ilikuwa ngao ya mbao yenye kioo, na ndani ya kioo picha ya Octavian akiwa na tai. Walimkabidhi mbele ya jeneza, kamera ikipiga, na mmoja wao akapiga kigelegele. Alikikatisha katikati alipokumbuka yuko wapi, lakini alikuwa ameshakipiga.

Octavian alishukuru. Alieleza alivyosoma katika mazingira magumu, na jinsi nidhamu ilivyomfikisha alipo. "Na huyu mzee," alisema, akaliangalia jeneza kwa mara ya kwanza, "huyu mzee, mlinzi wetu. Usiku tulilala salama kwa sababu yake. Alitulinda."

Minong'ono ilipita kwenye mikeka ya ndugu. Mlinzi? Agnella aliwageukia wenye fulana, akisubiri hata mmoja aseme, "Mheshimiwa, alikuwa mpishi." Martin alikazia macho waya wa kipaza sauti. Kisha mtu wa nyuma akaanza kupiga makofi, na wote wakapiga.

Mtendaji aligonga muhuri wake. Ndipo jeneza likabebwa.

Walipofika ukingoni Beno alisogea pembeni waone. Maji yalikuwa yamefika juu ya magoti na upande mmoja wa kaburi ulikuwa umebomoka. Walishusha kwa kamba, katekista akisoma haraka haraka, na jeneza lilipofika chini halikukaa chini. Lilielea. Liligeuka polepole, likagonga ukuta, likarudi. Beno alilikandamiza kwa mpini wa jembe. Upande wa kichwa ukazama, upande wa miguu ukainuka. Bibi mmoja alipiga ukunga. Kijana wa kamera aliishusha kamera yake, na hilo tu ndilo jambo la adabu lililofanyika tangu magari yafike.

"Lazima mtu asimame juu," Beno alisema kwa sauti ya chini. "Tukimwaga udongo hivi litapinduka. Mimi na hawa vijana ninaochimba nao tukiingia, hakuna wa kufukia haraka, na ukuta huu hautasubiri."

Agnella aliinua kichwa. "Octavian," aliita. Hakusema mheshimiwa. "Umesema alikulinda. Ingia umshikilie."

Mvua ya mbali ilisikika ikija kutoka Udzungwa. Mtendaji alisema, "Mama, chunga mdomo." Octavian alitabasamu lile tabasamu la ofisini.

"Dada Agnella, naelewa uchungu wako. Pole sana. Vijana watasaidia." Kisha akamwinamia Martin. "Mimi nina kikao Morogoro, kiongozi. Giza lisinikute milimani."

"Wapendwa waombolezaji!" Martin alidakia, "mheshimiwa ana majukumu ya kitaifa. Wana 2001, tumsindikize, tupate na picha ya pamoja pale kwenye gari!"

Fulana za njano zilianza kuondoka ukingoni, na wanaume wa mikekani wakazifuata. Agnella alimtafuta Theodori. Hakuwepo mahali pake. Alikuwa anakimbia, mzee wa miaka sitini na mbili, anapiga chenga misalaba, mkononi bahasha ya kaki yenye vyeti vya mwanawe. Alilifikia gari la kwanza kioo kikiwa kinapandishwa. Aliinama, akaongea na kioo, kioo kikapanda mpaka juu. Akahamia gari la pili. Huko dereva aliipokea bahasha bila kumtazama, akaitupa kwenye kiti cha nyuma.

Agnella alivua kandambili, akajifunga kanga kiunoni kwa mafundo mawili.

"Mwanamke haingii kaburini, mama," katekista alisema.

"Basi waite wanaume warudi."

Katekista alifunga kitabu. Beno alimpa mkono, akamteremsha. Maji yalikuwa baridi. Alikanyaga jeneza la baba yake kwa miguu miwili, katikati, likayumba, kisha likaanza kushuka chini yake mpaka akasikia limegusa chini. Maji yalimfika magotini. Kutoka kule kwenye magari ilisikika sauti ya Martin ikiwapanga watu kando ya gari alimokaa mheshimiwa, wafupi mbele, warefu nyuma, tabasamu jamani.

"Dada, udongo utakufunika miguu," Beno alisema, beleshi likiwa limejaa mkononi.

"Fukia," alisema Agnella.