Ng'ombe Zizini kwa Wambura

Hakuna kitu Wambura alikipenda kama kuulizwa habari za ng'ombe. Ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu nzuri tu, za shamba atalalamikia mvua, lakini ukitaja ng'ombe anajiweka sawa kwenye kigoda, anakohoa kidogo, na utasikiliza mpaka miguu ife ganzi. Atakwambia yupi ana mimba, yupi mkorofi, yupi hataki kukamuliwa na mtu aliyevaa kofia. Kijijini kwao, huku Buswahili mkoani Mara, mwanaume asiye na ng'ombe hata akitoa hoja ya maana kikaoni watu humtazama kama redio iliyosahauliwa ikiongea peke yake. Wambura alikuwa na zizi, zizi lilikuwa limejaa, na maneno yake yalisikilizwa.

Tatizo lilikuwa moja tu. Wale ng'ombe hawakuwa wake.

Walikuwa wa Machibya, mnunuzi wa pamba wa Bunda mjini, mtu mwenye kaka wengi wenye shida nyingi na watoto wa kiume wenye haraka ya kuoa. Mtu wa namna hiyo haweki mali yake yote mahali pamoja ndugu wakaiona. Anaigawa, sehemu nyingine anaipeleka kwa rafiki anayemwamini, na huyo rafiki anachunga, anakunywa maziwa, anachukua samadi na kufunga mdomo. Wafugaji wa huku ndivyo wanavyofanya miaka yote. Na mwenye adabu zake hamuulizi mwenzake kama ng'ombe wa zizini ni wake kweli. Afadhali umuulize ana nguo ngapi za ndani.

Wambura alikuwa na wa kwake zamani. Waliondoka mmoja mmoja baada ya Stellah kuzaliwa. Uchungu ulimsumbua sana mke wake, Dorkas, na mtoto alipotoka alikuwa kimya, kilio chake kikachelewa. Alipofika umri wa kukaa hakukaa, shingo ikawa inalegea, miguu inakakamaa. Wakampeleka kwa waganga, wakampeleka kwenye maombi, wakampeleka Mwanza kwa mtu aliyesifiwa sana na asiyejua chochote, na kila safari iliondoka na ng'ombe. Nani amlaumu? Mpaka wanafika hospitali ya Musoma na kuambiwa kwa lugha ya kueleweka kwamba ni mtindio wa ubongo, kwamba hautibiwi kwa dawa bali mtoto husaidiwa kwa mazoezi ya viungo, zizi lilikuwa limebaki na kinyesi kikavu. Ndipo Machibya alipoleta ng'ombe wake, na Wambura akawapokea kama mtu aliyerudishiwa jina.

Stellah alikuwa amefikisha miaka minane sasa. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na alijua pikipiki zote za kijiji kwa mlio; ikipita ya katekista alicheka, ikipita ya mwenyekiti alinuna, na hakuna aliyejua mwenyekiti alimkosea nini. Hospitalini Musoma dada wa mazoezi alimpenda. Alimfundisha Dorkas kunyoosha magoti yale taratibu, na kila walipokwenda alipima, akasema yanafunguka, msiache kuja. Wakaacha. Nauli ya kwenda Musoma na mtoto asiyekaa peke yake kwenye kiti si jambo la kuchezea, na pamba msimu ule ilinyauka.

Wakati huohuo likaja jambo la ruzuku. Serikali ilikuwa inaandikisha kaya zisizojiweza, na ikatangazwa kwamba kaya yenye mtoto mwenye ulemavu itaangaliwa zaidi. Kijiji kizima kilisema kwa Wambura ndipo penyewe. Akaja afisa ustawi wa jamii, msichana mwenye sauti ya upole aitwaye Prudence, na kishikwambi chake mkononi. Akamwona Stellah, akachuchumaa akaongea naye, akamuuliza Dorkas maswali ya maji, ya choo, ya milo. Kisha akamgeukia Wambura.

"Na mifugo je, baba? Wale ng'ombe ni wenu?"

Ilikuwa asubuhi ya ng'ombe kutoka zizini. Majirani walikuwa wameegemea ua wa minyaa wakitazama mgeni. Wambura alivuta pumzi kifua kikajaa.

"Si unawaona mwenyewe?"

Prudence aliwaona, akawaandika. Dorkas aliinamisha uso, akaendelea kumfuta Stellah mate. Mke wa mtu hawezi kumsahihisha mume mbele ya ua uliojaa majirani, na hilo Wambura alilijua vizuri sana alipokuwa anajibu. Baadaye ukafanyika mkutano wa kijiji, majina yakasomwa, Prudence akauliza kama kuna anayepinga, na hakuna aliyefungua mdomo. Kaya ya Wambura ikaachwa. Mwenye zizi kama lile anataka ruzuku ya nini?

Mwaka ukapita. Magoti ya Stellah yakajikunja. Sasa Dorkas alipojaribu kuyanyoosha mtoto alilia kwa namna ambayo hata Wambura, aliyekuwa hodari wa kupata shughuli nje, aliisikia akiwa shambani. Siku walipopata lifti ya gari la kanisa wakafika Musoma, dada wa mazoezi aliyashika magoti yale akayapima, akayapima tena. Halafu akasema yakiachwa hivi mwaka mwingine yatafunga, na yakifunga hayatafunguliwa kwa mikono.

Waliporudi nyumbani Dorkas hakugomba. Angegomba ingekuwa rahisi, maana Wambura kwa kugomba alikuwa bingwa. Alimlaza mtoto mkekani, akakaa chini, akaanza kujikanda kiuno.

"Baba Stellah, huyu mtoto anakuwaga mzito kila siku, na mgongo wangu ndiyo huuhuu. Mkutano wa walioachwa ni wiki ijayo. Prudence kasema mwenye malalamiko aseme mwenyewe mbele ya watu. Ukipita huo, mwingine haijulikani utakuwa lini."

"Nitasema."

"Utasema nini?"

Kesho yake alipanda gari kwenda Bunda.

Alimkuta Machibya kwenye mizani ya pamba, nyuzi nyeupe zimemkaa kwenye nyusi. Wambura alimweleza yote, akamwomba awahamishe ng'ombe kwa muda tu, mpaka mkutano upite, ili aseme ameuza.

"Mura, ndugu yangu, niwahamishe niwapeleke wapi?" Machibya akasema. "Barabarani kaka zangu watawaona, kabla ya jua kuzama wako mlangoni kwangu. Na ukiwaambia kule mkutanoni si zako, watakuuliza za nani."

"Jina lako silitaji."

"Najua hulitaji. Lakini fikiria na wewe. Bila zile ng'ombe kule kikaoni utakaa wapi? Nyuma, na vijana?" Akacheka, akampiga bega. "Nyamaza tu. Hayo mambo ya serikali huwaga yanarudi tena."

Ukweli usemwe. Wambura alipotoka pale alijisikia nafuu. Alikuwa amejaribu, rafiki amekataa, afanyeje zaidi? Nafuu hiyo ikamsindikiza njia nzima mpaka mlangoni kwake. Akaingia akamkuta Stellah amelala kwa ubavu, magoti yamefika kifuani. Mtoto akamsikia, akacheka kile kicheko chake kikubwa, kicheko cha mtu anayeamini kwamba aliyeingia ni mtu mzuri. Wambura akatoka nje tena. Aibu aliyoisikia siku ile haikuwa na mtu wa kuitazama, na ilimchoma kuliko aibu zote alizokuwa anazikwepa.

Mkutano ulifanyika kwenye godauni la pamba. Mwenyekiti Masatu alifungua kwa maneno mengi kama kawaida yake, akamkaribisha Prudence. Wambura alikaa mbele, kwenye viti vya wenye ng'ombe, pembeni ya jirani yake Nathanieli, mzee ambaye ulimi wake haukuwahi kumwonea mtu huruma. Dorkas alikaa upande wa wanawake, Stellah amebebwa mgongoni kwa kitenge, miguu haifiki kuzunguka kiuno cha mama yake kama ya watoto wengine.

Wengine wakasema ya kwao. Mjane mmoja akakubaliwa, mlevi mmoja akachekwa mpaka akakaa. Kisha Prudence akasoma: kaya ya Wambura, iliachwa kwa sababu ya mifugo, kuna malalamiko?

Wambura aliangalia viatu vyake.

"Kuna malalamiko?" Prudence akarudia. Akasubiri kidogo. "Haya, tunaendelea na..."

Upande wa wanawake Dorkas alianza kuinuka, mkono mmoja sakafuni, mwingine umemshika mtoto nyuma asidondoke. Mzigo ulimshinda, akarudi chini, akajaribu tena. Wambura akamwona. Hakumbuki aliamua saa ngapi. Alijikuta tu amesimama.

"Kaa, mama Stellah. Mimi nasema." Sauti ilitoka nyembamba, si ile ya kueleza habari za ng'ombe. "Madamu, zile ng'ombe si zangu. Hata mkia mmoja si wangu. Zangu zilikwisha zamani kwa matibabu ya mtoto. Zile nimewekewa tu. Nilikudanganya."

Wambura akasubiri kicheko. Alikuwa amekiandaa moyoni tangu alfajiri, akijua kitaanzia wapi, kwa nani, na kitafika wapi.

"Ni za nani?" Prudence akauliza.

"Mwenyewe hayupo hapa. Siwezi kumtaja."

"Baba, nakuelewa. Lakini nahitaji wa kukuthibitisha. Nani hapa anajua kwamba hao ng'ombe si wake?"

Wambura akafunga macho. Nani ajue? Yalikuwa mambo ya siri kati ya watu wawili.

Kiti cha pembeni kikalia. Nathanieli alikuwa amesimama.

"Mimi najua," akasema. "Masikio yao yamekatwa alama za watu wa Bunda. Nilijua siku ileile walivyoletwa."

"Hata mimi," akasema mama mmoja nyuma. "Kwani nani hajui?"

"Tunajuaga sisi wote," akaongeza mwingine, na watu wakaguna kukubali, godauni zima, viti vya mbele na vya nyuma, hata mwenyekiti Masatu akitazama pembeni.

Prudence alishusha kishikwambi. Upole wote ulikuwa umemtoka. "Mlijua? Mwaka jana niliwauliza hapahapa. Niliwauliza wote, mkanyamaza. Kwa nini?"

Watu wakatazamana. Nathanieli akavua kofia, akaivaa.

"Madamu, mtu mzima yule. Kashasema ni zake, mke wake yupo, majirani wapo. Tusimame tuseme anadanganya? Tungemvunjia heshima."

Wambura alifumbua macho. Alizitazama sura zile moja baada ya nyingine, na hakuona hata moja iliyokuwa inamcheka. Walikuwa wamemwacha aeleze habari za ng'ombe miaka yote ile, wakaitikia, wakauliza na maswali, yupi ana mimba, yupi mkorofi. Kijiji kizima kilikuwa kimemtunzia heshima yake, kwa upendo kabisa, na bei yake walikuwa wamemtoza Stellah. Akataka kuwashukuru na akataka kuwapiga. Akamtazama mtoto mgongoni kwa mama yake, na magoti yale yaliyochomoza pande zote mbili za kitenge.

"Mngenivunjia," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nathanieli, mngenivunjia tu. Ningenuna, ningehama hata kijiji, ningerudi. Magoti ya mtoto yangekuwa yamenyooka."

Nathanieli alikaa polepole, akafunika uso kwa kofia.

Masatu aliuliza, kwa mara ya kwanza bila hotuba, nani anakubali kaya ya Wambura iingizwe na jina lipelekwe wilayani. Mikono ikainuka godauni zima, mingine miwili miwili kutoka kwa mtu mmoja. Wambura naye akauinua wa kwake, ingawa kaya inayojadiliwa haipigi kura, na Prudence akauhesabu.