Ulimi Unapokataa

Mteja aliitikia kwa kichwa, na Bi Kimya, aliyekuwa akipanga maboksi nyuma ya rafu za duka la dawa, akajua papo hapo kwamba mtu yule anasema uongo.

Aliijua namna ile ya kuitikia. Miaka sita alikuwa akinywa chai asiyoipenda kwa sababu neno "kahawa" humkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kazini alijibu kwa kichwa, au kwa yale maneno machache yaliyokubali kutoka. Wenzake wakambandika jina la Bi Kimya, wengine wakasema anaringa. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kuchekwa na foleni nzima.

Dirishani alikuwa Chiriku, muuzaji asiye na ubaya ila haraka. Mteja alikuwa amehangaika na "da-da-dawa ya ma-ma-mama" mpaka jasho likamtoka. Watu wakaguna, mmoja akacheka. Chiriku akammalizia: "Mama anaumwa kichwa, siyo?" Ndipo mteja akaitikia, na sasa alikuwa akipokea vidonge vya maumivu vya mama ambaye Mungu ndiye aliyejua anaumwa nini.

Bi Kimya aliweka boksi chini. Akaenda dirishani.

"Ka-ka-kaka, hi-hiyo siyo u-uliyoitaka."

Kicheko kikapasuka. Mteja akamgeukia, uso umemvimba kwa hasira.

"Na we-wewe una-ni-niiga?"

Hilo lilimchoma kuliko kicheko. Angeweza kurudi nyuma ya rafu, na hakuna ambaye angemlaumu. Akabaki, machozi yakimlenga.

"Si-si-siigi. Ndi-ndivyo nilivyo."

"Bi Kimya! Kumbe siku zote hizi..." Chiriku alianza, akashindwa kumaliza, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Mteja aliitazama midomo ya yule mwanamke ikitetemeka. Hasira ikamwisha, akaona haya.

"Sema, kaka," Bi Kimya akamwambia. "Mi-mimi nangoja. Na wao wa-watangoja."

Wakangoja. Neno lilifika mlangoni mwa midomo, likarudi, likaja tena.

"Ki-ki-kifafa. Za-zake zimeisha ja-jana."

Bi Kimya akamsubiri alitaje na jina la mama, akalikuta katika daftari la wagonjwa wa kila mwezi, akampa dawa yenyewe.

"Siku zote mi-mimi hu-humtuma jirani," mteja alisema. Hakuwa na haraka tena. "A-asante, dada."

Alipoondoka, Chiriku alimsogezea Bi Kimya kiti chake mwenyewe, kimya kimya, akaenda nyuma kumalizia maboksi. Bi Kimya akaketi. Mbele yake alisimama mama mwenye mtoto mgongoni.

"A-a-a..." Bi Kimya alianza, neno likagoma. Yule mama hakulimalizia, wala hakutazama pembeni.

"Anayefuata."