Karatasi ya Mbulgaria

Jani lilikuwa pale pale alipoliacha.

Nereida Camejo alilitega kwa mkono wake, jani jembamba la tumbaku, kavu kiasi kwamba ukilipumulia vibaya linavunjika, kati ya ukurasa wa kwanza na wa pili wa riwaya yake. Kisha akaifunga riwaya kwa kamba na kuipeleka ofisi ya uchapishaji ya mkoa. Sasa ilikuwa imerudi, baada ya mwaka na ushei, na kijibarua cha mistari miwili juu yake: tumeisoma kwa makini, ila karatasi hakuna. Sahihi: F. Baldoquín, Mkurugenzi.

Akafungua kamba juu ya meza ya jikoni. Akainua ukurasa wa kwanza kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunua kidonda. Jani zima. Hata ufa halina.

"Wamesemaje?" akauliza mama yake, aliyekuwa anachambua mchele kwenye sinia, mawe huku, mchele kule, na mawe yakielekea kushinda.

"Wameisoma kwa makini."

"Basi mshukuru Mungu."

Kurasa zilinuka taa. Alizipiga chapa nyuma ya karatasi za kufungia sigara, zile zenye nembo ya kiwanda upande wa mbele, ambazo mafundi wa ghala walimwekea zikichanika. Utepe wa mashine ulikuwa umeshakufa. Alikuwa anaufufua kwa masizi na mafuta ya taa. Mama alilalamika kwamba nyumba inanuka kama gereji, halafu jioni anauliza: shangazi Fermina kafika wapi leo? Maana riwaya ilikuwa ya shangazi Fermina, mjane aliyechoma banda lake la tumbaku badala ya kumwachia shemeji, na mama alitaka kujua kama Nereida atathubutu kuandika yote.

Aliandika yote. Na kazi ya kulipwa, ambayo ndiyo iliyoleta huo mchele wenye mawe, ilikuwa kuwasomea watu vitabu vya wengine.

Kila asubuhi, pale kiwandani Pinar del Río, alipanda jukwaani, akakaa kwenye kiti kirefu na kuwasomea wasokota sigara. Gazeti kwanza, riwaya baada ya kahawa. Mikono yao ina kazi, masikio hayana. Kitabu walikichagua wenyewe kwa kunyoosha mikono, na kikiwakuna waligonga visu vyao bapa kwenye mbao, ko-ko-ko, ukumbi mzima kama mvua ya mawe kwenye bati. Kisipowakuna waliviangusha sakafuni, na msomaji akajua afunge mdomo.

Siku moja alijitia moyo akapendekeza cha kwake.

"Riwaya ya Nereida," akasoma Bi Casimira, mwenyekiti wa kamati ya usomaji, mama mnene mwenye sigara mdomoni ambayo hakuna aliyewahi kuiona imewashwa. Yeye ndiye aliyeidhinisha kila kitabu kwa sahihi yake. "Nereida yupi?"

"Mimi, Bi Casimira."

"Wewe? Mwanangu, wewe si nilikuogesha kwenye beseni? Haya, inahusu nini?"

"Wakulima wa tumbaku. Wa huku huku kwetu."

"Tumbaku ninayo hapa mezani!" akapaza sauti Pánfilo wa safu ya nyuma. "Na wakulima nimewaacha nyumbani wanapigana! Tusomee mambo ya watu, dada!"

Visu vikaanguka kabla hajafungua ukurasa. Wakacheka bila ubaya. Hicho ndicho kilichomuuma: hawakuwa na ubaya wowote.

Basi akawafanyia utundu. Miaka ile ya themanini kila duka la vitabu lilijaa vitabu vya nchi ndugu za ujamaa, na watu walizoea kwamba chochote chenye jina gumu kimepimwa na wakubwa. Nereida akamtunga Mbulgaria. Radko Belinov, akamwita, mtoto wa mlimani, mgonjwa wa mapafu. Shangazi Fermina akawa shangazi Stanka. Mto ukawa mto mwingine. Tumbaku ikabaki tumbaku, kwani na Bulgaria wanalima. Jua akalipunguza, theluji akaiongeza. Theluji hajawahi kuiona. Akaiandika kama unga wa ngano unaomwagika usiku kucha bila mtu wa kuukinga, kwa kuwa wiki ile unga ndio aliokuwa anauota. Mwisho akang'oa jalada la kitabu cha Kibulgaria cha ufugaji wa bata, ambacho tangu kiletwe maktaba ya kiwanda hakijaazimwa hata na bata, akashonea riwaya yake humo ndani na kulibandikia karatasi ya jina.

Bi Casimira aliona neno Bulgaria akatia sahihi bila kufungua. Mikono ikapanda ukumbi mzima.

Siku ya pili visu viligongwa. Wiki iliyofuata watu wakaanza kuwahi kahawa ili wasipitwe. Shemeji alipokuja kudai banda, mama mmoja wa safu ya mbele alimtukana kwa sauti, tusi la Pinar del Río kabisa, akimtukania Mbulgaria mama yake.

"Hawa ndio waandishi!" Pánfilo akasema, anafuta macho kwa mkono wenye utomvu wa tumbaku, jambo ambalo lilimfanya alie zaidi. "Mtu hajafika huku hata siku moja, na anamjua mke wa kaka yangu!"

"Huyu Stanka," Bi Casimira akamwambia Nereida wakati wa kahawa, "ni marehemu shangazi yako mtupu. Umeona? Dunia nzima ni moja."

"Nimeona, Bi Casimira."

Alilala na furaha ambayo hakuwa na pa kuipeleka. Akajipangia: siku ya ukurasa wa mwisho atashuka jukwaani, asimame katikati ya meza zao, aseme ni mimi. Watacheka. Watamrushia majani. Bi Casimira atatukana kidogo, halafu atagonga kisu. Alijaribu maneno yenyewe mbele ya mama yake, akiwa ameshika mwiko.

"Usicheke mwenyewe," mama akamshauri. "Ukicheka watadhani unatania."

Kurasa chache kabla ya mwisho, mgeni akaingia ukumbini, mwanamume wa shati jeupe la mifuko minne, na kalamu katika kila mfuko wa juu. Akasikiliza amesimama, mikono nyuma. Visu vilipogongwa alishtuka kama mtu aliyesikia risasi, kisha akatabasamu. Baadaye wakamwita Nereida ofisi ya meneja. Meneja hayupo. Mgeni ameshakaa kwenye kiti chake.

"Baldoquín," akajitambulisha. "Uchapishaji wa mkoa. Habari za huyu Mbulgaria wenu zimefika hadi kwenye foleni ya mkate. Lete kitabu chake nikione, ndugu."

Akampa. Baldoquín akafungua jalada la bata. Akasoma ukurasa, kisha mwingine. Akaugeuza, akakuta nembo ya kiwanda upande wa pili. Akaunusa.

"Bulgaria nao wanafungia sigara kwa karatasi za hapa?"

"Ni yangu," Nereida akasema. Haikutoka kama alivyoijaribu na mwiko. "Niliileta kwenu, ndugu mkurugenzi. Mkairudisha. Mliandika mmeisoma kwa makini."

"Inawezekana."

"Jani halikuvunjika."

"Jani gani?"

"Basi tu."

Baldoquín akafunga kitabu, akaweka kiganja juu yake, taratibu, kama mtu anayemtuliza paka.

"Tuzungumze kama watu wazima. Ni kazi nzuri. Nasema kweli, pale kwenye theluji nimesikia baridi. Sasa, mpango wangu wa mwaka huu una nafasi ya Mbulgaria mmoja. Karatasi yake ipo ghalani, panya wanaionja. Mbulgaria mwenyewe sina. Walinitumia mmoja ameandika juu ya kiwanda cha saruji, nimeshindwa hata mimi."

"Si mlisema karatasi hakuna?"

"Yako hakuna. Nafasi ya waandishi wa mkoa imejaa."

"Imejaa nani?"

Baldoquín akanyoosha kalamu zake mfukoni. Mashairi yake mwenyewe yalikuwa yametoka mwezi Januari, jalada gumu.

"Imejaa," akasema.

"Basi chapeni kwenye hiyo ya Mbulgaria, muweke jina langu. Nani atajua?"

"Karatasi itajua. Kila rimu ina mwenyewe, ndugu. Nikikuandikia wewe rimu ya urafiki wa mataifa, mimi ndiye nitakayekwenda kusokota sigara, na mikono yangu hii haifai."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakuondolea mzigo. Namchapa Belinov."

Nereida akanyoosha mkono kuchukua kitabu. Kiganja hakikuondoka.

"Au," Baldoquín akasema, kwa upole uleule, "tuitishe mkutano. Tuwaeleze wafanyakazi kwamba msomaji wao amewafanya wajinga muda wote huu. Kwamba mwenyekiti wa kamati alitia sahihi kitabu kisichokuwepo. Watauliza alitia kwa faida ya nani. Bi Casimira anastaafu lini?"

"Desemba."

"Eeh."

Nje, ukumbini, mtu alikuwa anamwigiza shemeji wa Stanka na watu wanacheka.

"Na mtafsiri?" Nereida akauliza mwishowe. "Lazima awepo mtafsiri."

"Nimeshafikiria. Wewe Kibulgaria unajua?"

"Sijui."

"Ndiyo sababu nitajiandika mimi."

"Wewe unajua?"

"Nilikaa Sofia wiki mbili," akasema Baldoquín, na kitabu kikaingia kwenye mkoba wake. Kurasa za mwisho tu alimwachia, amezichomoa kwa uangalifu, ili wafanyakazi wasikose mwisho wa hadithi, kisha zimfuate ofisini.

Siku ile ilipofika alizisoma. Banda la Stanka likaungua juu ya theluji. Visu viligongwa hadi mabirika ya kahawa yakatetemeka, na Pánfilo akasimama juu ya kiti.

"Dada! Tumwandikie! Huyu mtu yu hai?"

Nereida akatazama safu ya mbele. Bi Casimira alikuwa ameitoa sigara mdomoni, kitu ambacho hakufanya hata msibani.

"Alikufa," Nereida akasema.

"Wapi?"

"Kwao."

"Aliacha watoto?"

"Hakuacha mtu."

Bi Casimira akainuka, na ukumbi wote ukainuka. Wakavua kofia. Wakamsimamia kimya Radko Belinov, mikono yenye utomvu imeshika visu kifuani, na Nereida naye ikambidi asimame kule juu jukwaani, ainamishe kichwa, na alipochungulia aliona mama mmoja anajifanyia ishara ya msalaba haraka haraka chini ya meza ili meneja asione.

Kitabu kilifika Desemba. Karatasi nyeupe, nene, ukiipitishia kidole inateleza. Mama yake alikishika, akakinusa, akasema hiki hakinuki taa, kisha akarudi kwenye mchele wake. Ndani ya nakala ya Nereida, Baldoquín alikuwa amechomeka kikaratasi: Mpango wa mwakani umepitishwa. Marehemu hakuacha kingine?

Siku ya kumuaga Bi Casimira, kiwanda kilimnunulia keki ya rangi ya waridi na nakala moja. Wengine walikuwa wamejinunulia za kwao. Duka lilimaliza asubuhi. Bi Casimira akapanda jukwaani kwa shida, kishindo baada ya kishindo, akamwekea Nereida kitabu mapajani, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza, na kalamu.

"Nitilie sahihi."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyetusomea. Ila usiandike jina lako, lako ninalo tangu beseni. Andika lake. 'Kwa Casimira, kutoka kwa Belinov.' Nijidanganye kwamba alikuwa ananijua."

Ukumbi ukacheka. Nereida akaangalia ukurasa ule mweupe. Kalamu ilikuwa nzuri, haikuruka hata herufi moja.

Bi Casimira akapuliza wino, akakipeleka kitabu mbali na macho, akakirudisha karibu.

"Ungesema ni yeye," akasema, akamgonga Nereida shavuni kwa jalada. "Na wewe bado unaandika vile vitu vyako? Msome huyu taratibu, mwanangu. Utajifunza."

"Na mimi!" Pánfilo akapiga kelele kutoka nyuma, kitabu juu ya kichwa. "Na mimi Mbulgaria anitilie!"

Wakapanga foleni kati ya meza, kila mtu na nakala yake, wanasukumana, keki mdomoni. Nereida akaandika. Aliyefuata, akaandika. Mwanzoni alikuwa anasita kwenye jina, anatafuta aanzie wapi. Pánfilo alipofika mbele, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.