Mayai ya Kisima Namba Saba

Asubuhi malori ya saruji yalipofika kijijini Valea Cornului kuziba kisima cha mafuta, Kisima Namba Saba, yalimkuta Bi Veturia amekaa kwenye kigoda, ameziba njia. Alikuwa amestaafu baada ya kuhudumia pampu za mafuta miaka thelathini na moja. Mimi, mwalimu wa shule ya pale, nilimsindikiza tu, msaada hakuuhitaji.

"Bibi, tupishe," alisema Cosmin, injinia wa kampuni. "Mafuta yamekwisha. Sheria inataka tuzibe hiki na vingine sita."

"Mafuta yamekwisha, sawa. Na maji?"

"Maji gani?"

"We mwanangu, umesoma mpaka umesahau kuuliza! Kisima hiki kinatoa maji ya moto mengi kuliko mafuta. Miaka yote tunayarudisha chini kama taka, na watoto shuleni wanatetemeka kwa baridi."

Akaenda kwenye tangi la maji ya kisima, akavuta kamba, ikaja sufuria iliyofungwa kifuniko barabara. Ndani mlikuwa na mayai, yameiva. Akamenya moja, akalinyunyizia chumvi, akampa. Cosmin alikula kwa aibu. La pili alijichukulia mwenyewe, madereva wakaangua kicheko. Kisha Cosmin akampigia simu mkurugenzi wake.

Mkurugenzi huyo, Bi Ruxandra, alifika kesho yake kutoka mji wa Ploiești, viatu vyake vikizama kwenye tope.

"Mama, sisi ni kampuni ya mafuta. Kupasha shule joto ni kazi ya serikali."

"Kisima hiki alikichimba baba yangu," alijibu Bi Veturia. "Miaka sitini mmeuza moto wa chini ya miguu yetu, na moshi wake tumeuvuta sisi. Sasa limebaki joto lisilo na moshi, mnataka kulizika? Aliyekula nyama ndiye aoshe sufuria. Mitambo mnayo, mafundi mnao. Mabomba mnayajua kuliko serikali. Mmekosa nini, kama si nia?"

Mkurugenzi alitazama tangi lililokuwa likifuka mvuke.

"Ungekuwa kwenye bodi yetu, mama, tungelala kweli?"

"Mngelala fofofo. Dhamira ingekuwa safi."

Hapo Bi Ruxandra alicheka, akaomba yai.

Kazi ilichukua miezi kumi na minne. Kampuni ilileta pampu mpya, ikalaza mabomba hadi shuleni na hadi kwenye mabanda mawili ya kioo ya nyanya. Januari ile theluji ilifika madirishani, nami nikafundisha bila koti kwa mara ya kwanza maishani. Watoto walivua soksi, nikawaacha.

Siku ya uzinduzi kampuni ilisimamisha bango kubwa lenye jina lake. Bi Veturia alilisoma lote, kisha akamgeukia Cosmin.

"Herufi kubwa, kazi ndogo. Vile visima vingine sita?"

Cosmin alikunjua mchoro. "Namba Kumi na Mbili tunaanza Machi, bibi."

"Februari."

"Bibi, ardhi itakuwa imeganda!"

"Mimi nimefungua vali kwenye baridi kali kuliko hiyo, nikiwa na mimba ya miezi saba. Februari."

Walianza tarehe tisa Februari.