Mshono Uliopakwa Asali

Asali ya Itigi inasifika mpaka Dodoma, na Febronia hakuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wake ulikuwa mahali ilipopakwa: juu ya mshono wa tumbo lake, kila asubuhi, kwa mkono wa mama mkwe.

Mama Anastasia alikuwa na nia njema, na hapo ndipo penye shida. Mwenye nia mbaya unamkimbia. Huyu alikubebea mtoto, akakupikia uji wa uwele usio na hata bonge moja, utamkimbiaje? Tangu Febronia arudi kutoka hospitali alikojifungua kwa upasuaji, mama huyo hakupumzika. Asali ilimponya mguu marehemu mumewe, basi itamponya na mkwe. Na kweli mshono ulikauka juu, chumba kizima kikanukia.

Lakini Febronia alitetemeka kwa homa mchana wa jua kali, na upande mmoja wa tumbo ulikuwa mgumu, wa moto. Aliposema, alijibiwa kwamba mzazi lazima aumwe, ila wa siku hizi wamezoea kudeka.

Mama mkwe alipokwenda kuchota maji, Febronia alichukua kitambaa na maji ya uvuguvugu, akaifuta ile asali yote. Akakinusa kitambaa. Chini ya utamu kulikuwa na uvundo. Alipobonyeza kidogo, usaha ukachuruzika. Aliogopa sana, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyomsimamisha.

Mama Anastasia alimkuta mlangoni, amejifunga kanga, mtoto kifuani.

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali, mama."

"Arobaini haijaisha! Mzazi wa nyumba hii hatoki nje. Raymond akirudi kutoka kwenye mizinga nimwambie nini?"

"Mwambie mke wake alikuwa anaoza, akakataa."

"Febronia!"

"Nakuheshimu, mama. Ukitaka nikupigie magoti, nitapiga nikirudi. Waliponiruhusu walisema nikiona homa au usaha nirudi upesi. Nipishe."

Hakumpisha. Febronia akapita kwa ubavu, mgongo ukikwaruza ukuta, akakatiza sokoni kweupe, shingo juu. Wauza vitunguu wakaacha kuita wateja wakamtazama. Wacha watazame! Alipokwisha kukaa kwenye bajaji, Mama Anastasia akaingia akihema, akampokea mtoto.

Daktari alifungua nyuzi, na yaliyotoka yalimfanya hata nesi ageuze uso. Uchafu ulijifungia chini ya ngozi, akasema. Ungeingia kwenye damu. Kidonda kitaachwa wazi, kisafishwe kila siku, na dawa zipite kwenye mshipa.

"Nani aliwaambia mpake asali?"

Mama Anastasia aliinamisha kichwa. Febronia hakumtetea. Hasira ilikuwa bado ipo, na ilikuwa haki yake.

Kesho yake majirani walikuja wodini alikolazwa kutoa pole. Marietha, anayejua mambo ya kila nyumba kuliko wenyewe, alibetua midomo.

"Jamani, mzazi kutoka nje kabla ya arobaini! Na wewe Anastasia ulikuwa wapi?"

Febronia alifungua mdomo, lakini mama mkwe akamtangulia.

"Nilikuwa mlangoni, namzuia," alisema, wodi nzima ikasikia. "Akanishinda, akatoka kwa miguu yake. Wewe ulitaka nimtoe kwa jeneza?"